Ndoo Ikikwama Kwenye Kalibu

Viwanda vya plastiki vina semi zake, na baadhi zinaharibu kalibu na kuumiza mikono ya vijana wetu.

Iliyo mbaya kuliko zote ni hii: kipande kikikwama, chukua bisibisi ubandue. Mara nyingi bisibisi ni ngumu kuliko chuma cha kalibu, hivyo inaacha mchubuko. Plastiki ya moto inaingia kwenye mchubuko huo, ikiganda inashika, na ndoo inayofuata inakwama zaidi. Zima mashine kabla mkono haujaingia, kisha tumia kijiti cha shaba au mbao. Hili halina mjadala.

Wengine wanashikilia kwamba kalibu iking'aa sana, kipande kinatoka chenyewe. Kwa ndoo ya polipropilini, ambayo hunywea takriban asilimia 1 hadi 2.5 ikipoa, mambo ni kinyume. Ndoo inalibana dume la kalibu, yaani sehemu inayounda ndani ya ndoo, na uso ukiwa kama kioo hewa haina pa kupenya. Piga hesabu: kitako cha kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 314. Chini yake pakiwa hapana hewa kabisa, anga inakikandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 300. Sukuma kwa pini nyembamba nne uone kama hazitatoboa kitako! Dume linahitaji vali ya kuingiza hewa kileleni, pete inayosukuma ukingo mzima kwa pamoja, na uso uliosuguliwa kuelekea upande ndoo inakotokea, usiong'aa kupita kiasi.

Halafu kuna dawa ya silikoni ya kupuliza. Inasaidia, sikatai, hasa kalibu mpya inapoanza kazi. Lakini ukiipuliza kutwa nzima unaficha kasoro: utando unaziba njia za hewa, na wino wa nembo haushiki kwenye ndoo.

Eti ukiona inakwama, iache ipoe zaidi? Ni kweli kwamba ikiwa moto mno pini zinazama. Ikipoa kupita kiasi, nayo inazidi kulibana dume.

Wabunifu nao hulalamika kwamba kulaza kuta kunaharibu umbo. Kwenye ukuta wa sentimita 10, mlazo wa digrii 1 haufiki hata milimita 2, mnunuzi hatauona. Ukuta wenye nakshi unahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa kila kitundu cha nakshi ni kijindoano.

La mwisho ni kuongeza nguvu ya pini. Aghalabu kosa lilitendeka mapema, plastiki iliposhindiliwa kupita kiasi. Punguza kwanza shinikizo la kushindilia, kisha geuza ndoo utazame kama madoa meupe yanayoachwa na pini yamefifia. Yasipofifia, ita fundi wa kalibu.