Mawazo Mengi na Ugonjwa wa Moyo



Mwezi huu naacha kidogo habari za migomba na kahawa. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini nikiwatembelea wakulima hapa Njoro na huko juu mlimani, nasikia neno moja kila mara: "Nina presha kwa sababu ya mawazo."

Je, ni kweli? Ni kweli, lakini si kweli yote.

Moyo ni pampu. Mishipa ya damu ni kama mifereji yetu inayotoka mlimani. Ukishtuka, moyo hupiga mbio, mishipa hubana, na damu husukumwa kwa nguvu. Hatari ikipita, mwili hutulia. Mfereji ukijaa siku moja, kingo hazibomoki. Ukijaa kila siku, je? Mtu mwenye deni, au mwenye ugomvi wa kihamba na ndugu zake, mwili wake haupati nafasi ya kutulia. Tena hulala vibaya. Huzidisha pombe na sigara.

Mwaka 2004 wataalamu walitangaza uchunguzi uliofanywa katika nchi 52. Watu waliopatwa na shambulio la moyo walikuwa na mashaka ya nyumbani, ya kazi na ya fedha kuliko wenzao wazima. Sigara, kisukari na shinikizo la damu vilikuwamo pia.

Sasa sikiliza jambo linalonitia wasiwasi. Mtu amepewa dawa za shinikizo la damu. Ugomvi ukiisha, anasema, "Sina mawazo tena, nimepona." Anaacha dawa! Shinikizo la damu halipigi kelele. Huwezi kulijua kwa hasira wala kwa furaha, hujulikana kwa kipimo tu. Uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, uliotangazwa mwaka 2013, ulikuta karibu 7 katika kila 10 wanalo. Wengi wao walikuwa hawajui.

Upweke nao ni mzigo. Krismasi watoto hurudi kutoka Dar es Salaam, nyumba hujaa. Januari bibi hubaki na kuku wake. Jirani, pita umsalimu. Muulize kama amekunywa dawa, na kama zimekwisha, mtume kijana zahanati.

Mtu akibanwa kifua, akitokwa jasho jingi na kukosa pumzi, msingoje kikao cha ukoo. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya chulebuni.

Bwana Shamba wenu