Nenosiri Halina Kosa

Katika semina za usalama wa kompyuta kuna wimbo usiochuja: mashine ikiingiliwa, mzembe ni mtumiaji. Nenosiri lilikuwa fupi, au ni mwaka wake wa kuzaliwa, au alilibandika ukutani. Watu wa namna hiyo wapo, tena wengi. Ila kuamini kwamba nenosiri gumu linatosha ni kumlaumu mwenye nyumba kwa kitasa kilichotoka kiwandani kibovu.

Novemba 2017 ilibainika kwamba kwenye macOS High Sierra ya Apple, mtu aliyekaa mbele ya kompyuta angeweza kuandika jina "root", akaacha sehemu ya nenosiri wazi, akabofya mara mbili, na tayari yeye ndiye msimamizi wa mashine nzima. Mbofyo wa kwanza uliifufua akaunti hiyo ya root iliyozimwa na kuipa nenosiri tupu; wa pili ukamkaribisha mgeni ndani. Mwenye kompyuta hata angekuwa na nenosiri la herufi 40, hakuna aliyeliuliza. Apple ilitoa marekebisho kesho yake na kuomba radhi.

Mashabiki wa Linux wasicheke. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Valencia, Hispania, walionyesha kwamba GRUB2, programu inayouamsha mfumo, ilipitika kwa kubonyeza kitufe cha kufuta mara 28 pale panapoandikwa jina. Programu iliendelea kufuta bila kuangalia kama bado kuna herufi ya kufutwa. Na hapa ndipo wimbo wa semina unapokwama: walioathirika ni wale tu waliojisumbua kuiwekea GRUB2 nenosiri, yaani waangalifu kuliko wote.

Simu nazo? Mwaka 2022 mtafiti wa usalama David Schütz aligundua kwamba Pixel, simu ya Google, iliyofungwa ingeweza kufunguliwa kwa laini ya mwizi mwenyewe. Anaichomeka, anakosea PIN ya laini hiyo mara tatu, anaingiza PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga, anaweka PIN mpya. Amri iliyopaswa kuondoa kiwambo cha PUK ikaondoa kiwambo kilichokuwepo wakati huo, ambacho kilikuwa kile cha kufunga simu! Alama ya kidole haikuombwa. Google ilimlipa dola 70,000.

Tundu hilo lilizibwa na sasisho la Novemba 2022. Sasisho hilo lilimkinga mwenye "1234" sawasawa na mwenye nenosiri la kutisha. Aliyeahirisha kulipakua alibaki wazi, na nenosiri lake lote.