Winga Anakimbia, Halafu? Mashabiki wa Kigoma Tuambiane Ukweli

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira za mpira, na wa kununa anune.

Juzi nilikuwa kijiweni pale Mwanga, kahawa mkononi. Mada ilikuwa ileile: winga gani ana mbio, na kwa nini kocha anamweka benchi. Kaka mmoja, jina lake namsitiri maana tunasalimiana kila siku, akapiga meza: "Mpira wa sasa ni kasi tu! Mpe mpira mwenye mbio, mengine yatajileta yenyewe." Watu wakashangilia kama kafunga yeye.

Yatajileta kutoka wapi, kaka yangu?

Huyo winga mnayemlilia tunamjua wote. Akipewa mpira anakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, uwanja mzima unasimama, halafu krosi inaenda kwa wauza karanga. Mnakaa, mnacheka, mnasema "lakini ana mbio yule!" Basi tumpeleke riadha, akatuletee medali.

Tusizunguke mbali. Tarehe 25 Julai 2021 nchi nzima ilikuwa inatazama Uwanja wa Lake Tanganyika, hapa hapa kwetu. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Yanga walibaki 10 kabla ya mapumziko baada ya Mukoko Tonombe kuoneshwa kadi nyekundu. Kwa hesabu za kijiweni, hapo wenye mbio wangemaliza kazi mapema. Wapi! Mtu pungufu, lakini ngome iligoma hadi dakika za lala salama. Bao pekee lilikuja kwa kona: Luis Miquissone akapiga, Taddeo Lwanga akaweka kichwa. Lwanga, kiungo mkabaji! Miquissone mbio alikuwa nazo, sikatai. Ila siku ile kombe lilitokana na mguu uliojua mpira unatua wapi, na mtu aliyejua asimame wapi.

Mbio zinataka uwazi. Timu ikija Kigoma ikapaki basi, watu tisa nyuma ya mpira, huyo mwenye kasi atakimbilia wapi? Kwenye ukuta? Uwazi unatengenezwa. Beki wa pembeni apande ili winga asibaki peke yake na watu wawili. Straika amvute beki wa kati atoke kwenye boksi. Kiungo apige pasi mapema, kabla wale hawajajipanga. Hayo yakifanyika, hata winga wa kasi ya kawaida anafika. Yasipofanyika, mwenye mbio naye anageuza mpira nyuma, mnaanza kumzomea kocha.

Na hili sisi watu wa ziwa ndiyo tungetakiwa kulielewa kuliko wote. Nendeni Kibirizi jioni muone mitumbwi inavyotoka na taa. Kuna mvuvi gani anayewakimbiza dagaa? Anawasha taa, anatulia, wanajikusanya wenyewe, ndipo wavu unafanya kazi. Mgebuka ana mbio kuliko winga wenu, na bado tunamla kwa ugali.

Sasa kinachoniuma. Haya maneno ya kijiweni hayaishii kwenye kahawa, watoto wanayasikia. Nimeona kwa macho yangu majaribio ya vijana ambapo kitu cha kwanza ilikuwa kuwapanga mstari wakimbie. Wa nyuma wakaambiwa kwaherini, hata mpira hawajaugusa! Kati yao kulikuwa na dogo mmoja, mwembamba, miguu mizito, ambaye mtaani akipiga pasi unajiuliza kaionaje ile njia. Alirudi nyumbani na viatu vya kuazima begani. Nani atamfidia yule?

Halafu tunajisifu mpira uko kwenye damu. Miaka ya 1970 Yanga na Taifa Stars zilikuwa na Sunday Manara, mtu aliyekwenda mpaka kucheza Uholanzi. Mashabiki walimpa jina gani? Kompyuta. Wazee wetu walimsifu mtu kwa akili yake, tena kompyuta zenyewe wengi hawajawahi kuziona. Sisi wenye simu janja mkononi tunamsifu mtu kwa mapafu.

Sisemi mbio ni mbaya. Mwenye mbio na akili, mleteni hata kesho, nitambeba mgongoni kutoka Ujiji hadi stesheni. Ila mechi ijayo, winga akiondoka kama upepo, usisimame kwanza. Tazama nani anaingia kwenye boksi. Kama hakuna mtu, kaa chini ule karanga zako. Na wewe unayechagua watoto kwa kuwakimbiza, wape mpira kwanza.