Uwanja Mdogo Hauna Pa Kujificha

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wapenda soka wa mijini, hasa wanaume waliovuka miaka thelathini na tano: kwamba mpira wa ukumbini, yaani futsal, huu wa watano kwa watano, ni mpira wa wenye pumzi chache. Uwanja mkubwa umemshinda mtu, kitambi kimejitokeza, magoti yanalalamika. Basi wenzake humwita aje huku, kwa kuwa huku ni padogo na atajisogeza taratibu. Imani hiyo ni ya uongo, na inaumiza watu.

Tuanze na huo udogo wenyewe. Uwanja wa futsal wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20 unampa kila mchezaji, makipa wakiwemo, mita 80 za mraba. Kwenye uwanja wa kawaida wa mita 105 kwa 68, kila mmoja wa wale ishirini na wawili ana zaidi ya mita 320. Watu husikia robo ya eneo wakadhani kazi nayo ni robo. Ni kinyume kabisa. Kwenye uwanja mkubwa beki wa kulia anaweza kumaliza dakika nzima mpira ukichezwa upande wa pili, akavuta pumzi, akafunga kamba za kiatu. Ukumbini mpira uko pasi moja tu kutoka ulipo. Ukiupoteza, wewe ni beki papo hapo. Ukiunyang'anya, wewe ni mshambuliaji, na mwenzako anakusubiri umfikie.

Vipimo vinasema hivyohivyo. Utafiti uliofanywa Uhispania kwa wachezaji wa futsal wakiwa kwenye mechi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha moyo ukipiga kwa wastani wa asilimia 90 ya kiwango chake cha juu kabisa, na mchezaji akikata mita zipatazo 117 kila dakika anayokuwa uwanjani. Mchezaji wa kulipwa wa soka la kumi na mmoja hukimbia takriban kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90, yaani kati ya mita 110 na 130 kwa dakika. Eneo ni robo, mwendo ni uleule. Tena mwendo wa ukumbini haunyooki: ni kuchomoka, kufunga breki, kugeuka, kuchomoka tena.

Watetezi wa imani hii hupenda kutaja sheria ya kubadilisha wachezaji. Ni kweli, futsal inaruhusu kuingia na kutoka bila kikomo, hata mpira ukiwa unachezwa. Wao wanaona hapo pana nafuu. Mimi naona ukali wake, kwa sababu anayekukaba muda huu ametoka benchi akiwa mbichi, na baada ya dakika chache ataletwa mwingine mbichi kuliko yeye. Halafu tazameni tunavyocheza sisi. Tunakodi uwanja kwa saa moja, gharama tunachangishana, wanakuja watano au sita, na hakuna anayetaka kukaa nje kwa sababu kila mmoja amelipa. Hivyo mtu aliyeketi ofisini siku tano mfululizo anacheza saa nzima bila wa kumpokea. Brazil, bingwa wa dunia wa futsal mara sita, haimfanyii hivyo mchezaji wake yeyote wa ndani, na hao wanaishi kwa kazi hiyo.

Upande mwingine kuna anayejiamini kwa sababu ya jogingi. Vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam vimewaamsha watu wengi kutoka kwenye viti vyao, na ninaviheshimu kwa dhati. Kilomita kumi za mwendo mmoja zinajenga moyo na kuusaidia utulie haraka baada ya mbio kali. Lakini haziufundishi mguu kusimama. Kusimama ghafla kunabebwa na paja, goti na kifundo, na kuchomoka tena kunaidai kano ya kisigino. Kano hiyo hukatika sana kwa wanaume wa kati ya miaka 30 na 50 wanaorudi michezoni wikiendi. Wengi wanaokatika hugeuka nyuma kumtafuta aliyewapiga teke, na hakuna mtu. Baada ya hapo ni miezi mingi ya plasta au upasuaji na kujifunza upya kupanda ngazi.

Nasikia jibu: sisi tunajifurahisha tu, pumzi tutaipata humohumo mchezoni. Jibu hilo ndilo baya kuliko yote. Ukikimbia peke yako, ukichoka unatembea. Ukumbini anayeamua ukimbie lini ni mpinzani, na aibu ya kupitwa inakusukuma kuliko akili. Juhudi kali ya ghafla kwa mwili usioizoea huongeza hatari ya shambulio la moyo, na hatari hiyo hupungua kadiri mtu anavyozoea mazoezi. Mwenye presha asiyejua kuwa anayo asiende kuigundulia huko.

Anayeuita huu mchezo wa kustaafia angewatazama pia dada zetu. Aprili 2025 mjini Rabat, timu ya wanawake ya Tanzania ilifika fainali ya Kombe la Afrika la futsal, ikafungwa 3-2 na wenyeji Morocco, na ikajipatia nafasi kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, huko Ufilipino. Ile ilikuwa kazi ya miili iliyoandaliwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaoanza wajiandae wiki kadhaa kabla ya mechi ya kwanza. Mbio za mita 10 hadi 20, geuka, rudi, pumzika nusu dakika, rudia. Anza na chache, ongeza polepole. Chuchumaa na kuinuka, simama kwa vidole vya miguu mara nyingi, ili misuli na kano zijue zinachoendea. Kwa kupasha mwili kuna mpangilio wa FIFA 11+ wa dakika kama ishirini, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na umethibitika kupunguza majeraha. Mpime presha. Msimtupe golini yule mwenye pumzi chache kuliko wote mkidhani mmempumzisha: kipa wa futsal anapiga msamba, anajirusha kwenye sakafu ngumu na kuinuka mara nyingi kuliko wa uwanja mkubwa.

Na manahodha, hili ni lenu: leteni watu wanane, si watano. Mtu mmoja wa nje ashike saa, abadilishe kila baada ya dakika tatu au nne bila kusubiri kuombwa, kwa maana mwanamume aliyechoka mbele ya wenzake haombi kutoka.