Afya ya Nyumbani: Tumbo limepona, mbona mtoto anakataa titi?



Juma lililopita, kikundi kilipoachana, mama mmoja alibaki nyuma. Mtoto wake ana miezi 4. Alihara na kutapika siku nne. Choo kilikuwa kimeanza kukaza, lakini kila alipopewa titi aligeuza uso, akapinda mgongo na kulia. Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Jirani alisema maziwa yameharibika kwa sababu mama alilima juani. Mama mkwe, kwa upendo kabisa, alikuwa amekwisha kuchemsha maziwa ya ng'ombe. Mama yule aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, ni kweli maziwa yangu ndiyo yamemdhuru mtoto?"

Hapana, mama. Maziwa hayaharibiki ndani ya titi. Jua hayaliharibu, shamba haliyaharibu. Maziwa ya mama ndiyo chakula ambacho tumbo lililoumia hupokea kwa urahisi kuliko chakula kingine chochote, na ndani yake mna kinga dhidi ya ugonjwa. Mtoto anayegeuza uso hamkatai mama yake. Kuna kitu kinachomsumbua, na kazi yetu ni kukitafuta upesi, kwa maana mambo mawili yanapotea kwa pamoja: mtoto anakosa maji mwilini, na titi lisilonyonywa linapunguza maziwa.

Kwanza, tazama kama bado ni mgonjwa. Usingoje kesho, nenda kituo cha afya mara moja ukiona hawezi kunywa kitu chochote, anatapika kila anachopewa, amelegea au hazinduki vizuri, ameshtuka kwa degedege, macho au utosi umebonyea, choo kina damu, au hajakojoa kwa saa sita. Finya kidogo ngozi ya tumbo lake uiachie: ikirudi polepole, maji yamekwisha mwilini. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye ni wa kupelekwa siku ile ile. Na choo kikiwa cheupe kama maji ya mchele, kimbia. Huku Fizi kolera tunaijua.

Pili, fungua kinywa chake. Ndivyo tulivyofanya na mama yule, pale mlangoni kwenye mwanga. Ulimi na mashavu ya ndani yalikuwa na utando mweupe ambao haukutoka kwa kitambaa safi. Mtoto alikuwa amepewa vidonge vya sokoni vya kuua vijidudu, bila kuandikiwa na mganga. Dawa hizo mara nyingi hazisaidii kuhara kwa kawaida, tena zinaweza kuleta utando huo. Kila alipovuta titi, kinywa kiliuma. Mtoto wa mwingine anaweza kuwa na pua iliyoziba, au kichefuchefu, au uchovu tu. Mwingine alizoeshwa chupa siku za ugonjwa, na sasa titi linamtaka avute kwa nguvu ambazo hana.

Wakati unatafuta sababu, fanya hivi. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mkijifunika nguo moja. Kwa baridi ya milima yetu hilo linamtuliza na kumpa joto. Mpe titi anapokuwa nusu usingizini, usiku au alfajiri, mahali pasipo kelele. Usimsukume kichwa. Kamua matone machache juu ya midomo yake umwache ayalambe mwenyewe.

Asiponyonya, kamua maziwa kwa mkono kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Nawa mikono kwa sabuni, kamulia katika kikombe kilichooshwa kwa maji moto, kisha mpe kwa kijiko au kikombe hicho hicho. Mkalishe wima mapajani, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, naye atavuta polepole. Usimmiminie. Maziwa yaliyokamuliwa yatumike ndani ya saa nne. Chupa iache: ni ngumu kuisafisha, na uchafu wake unarudisha kuhara.

Kama bado anahara, ongeza SRO kutoka kituo cha afya. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yaishe ndani ya saa 24. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe baada ya kila choo cha maji, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Pakiti ikikosekana au njia ikifungwa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Omba pia zinki: siku 10 hadi 14, nusu kidonge cha miligramu 20 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kidonge kimoja kwa aliyezidi. Usikiache hata kuhara kukikoma.

Msidharau maji haya. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kolera iliwashika wakimbizi huko Bangaon, India, na maji ya kutundika yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na sukari katika maji, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka kama 30 kwa wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Sasa maziwa ya ng'ombe. Kwetu maziwa ni heshima, na bibi anayemletea mjukuu maziwa analeta upendo. Tusimgombeze. Lakini kabla ya miezi 6 ni mazito kwa figo na tumbo la mtoto. Mwambie: "Mama, maziwa haya nipe mimi ninywe, nayo yatamfikia mjukuu wako kwa titi langu." Aliyezidi miezi 6 anaweza kupewa, yakiwa yamechemshwa. Yakimrudishia kuhara, yapumzishe siku chache au mpe yaliyoganda ndani ya uji, kwa sababu tumbo lililoumia halijaweza bado sukari ya maziwa. Titi liendelee. Na aliyeanza kula aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili.

Mama yule alikwenda kituo cha afya. Walimpa dawa ya kinywa cha mtoto, na ya kupaka kwenye chuchu zake pia, ili ugonjwa usirudi. Aliendelea kukamua. Usiku wa tatu mtoto alishika titi mwenyewe, gizani, bila kulia. Mama mkwe ndiye aliyekuja kunieleza, akicheka.

Mwenye swali alilete kwenye kikundi. Tusimwache mama mwenzetu abaki nyuma na maneno ya jirani.

Mungu awalinde pamoja na watoto wenu.