Jicho la Polisi Linamlinda Nani?

Mwenye duka aliyevunjiwa mlango usiku, awe Wote au Mwingi, hahitaji hotuba, ahitaji usalama. Akiambiwa kwamba kamera za polisi zitamwondolea wezi, ataitikia kwa moyo mmoja. Hatumlaumu. Lakini twasema: na tuutazame kwanza ushahidi.

Mwaka 2014 Serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15 ili ifunge kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Huawei, iliyotoa mitambo, ikatangaza kwamba mwaka 2015 uhalifu ulipungua kwa asilimia 46 penye kamera. Takwimu za polisi wenyewe hazikuafiki: Nairobi ulipungua kidogo tu, Mombasa ukaongezeka, na kufikia 2017 makosa yaliyoripotiwa Nairobi yalizidi yale ya kabla ya kamera. Muuzaji hawi shahidi wa bidhaa yake.

Hatusemi kamera hazifai kitu. Uchambuzi wa tafiti za miaka 40, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba uhalifu hupungua kwa takriban asilimia 13 penye kamera, hasa kwenye maegesho ya magari. Katika makosa ya kutumia nguvu, haukuona upungufu wa maana.

Tena, mlinzi naye atalindwa na nani? Wazee wetu wanakumbuka jinsi Tawi Maalumu lilivyowaandama wapenda mageuzi miaka ya 1980. Macho ya Serikali yalikuwa mengi, wala mwananchi hakulala salama kwa ajili hiyo. Na Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo Kikuu cha Nairobi. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ikaeleza kwamba kamera za kituo hicho zilichezewa. Wahenga walisema macho hayana pazia. Haya yalitiwa pazia.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Kwa hiyo twadai: kabla ya kamera kufungwa katika miji ya Kitui na Makueni, wananchi waulizwe, gharama itangazwe, na picha zitunzwe pasipoweza kufikiwa na mkono wa mtuhumiwa, hata akiwa amevaa sare. Na kwanza ziwepo taa barabarani, na askari anayefika aitwapo.

Lipelekeni swali hili makanisani na barazani. Usalama usio na haki ni woga uliovishwa sare.