Zawadi ya Kadi na Ada ya Ng'ambo

Huko Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, mshahara hulipwa kwa kwacha. Ng'ambo, katika masoko ya Kilwa na Pweto nchini Kongo, muuzaji hutaka faranga au dola, tena taslimu. Mke wa askari avukaye kwa mashua hana haja ya kadi ya mkopo.

Kadi hufaa familia ipelekapo mtoto masomoni au mgonjwa kutibiwa nchi za mbali. Hapo wengi huvutwa na zawadi. Yafaa hesabu itangulie. Kadi irudishayo asilimia 1 na kutoza asilimia 3 kwa malipo ya nje, katika kila kwacha 1,000 hurudisha 10 na kuchukua 30. Mwenyewe amepoteza 20! Isiyotoza ada hiyo, hata isipokuwa na zawadi, ni bora.

Mashine ya dukani ikiuliza fedha ya kulipia, ichaguliwe ya nchi ya muuzaji. Kubadilishiwa papo hapo mara nyingi ni ghali zaidi.

Mwisho, deni lilipwe lote kila mwezi. Asiyeweza, asiichukue kadi: mshahara una siku yake, bali riba haina likizo.